Glenda Apima Boga la Mumewe

Avard Wentzell aliendesha basi la shule hapa bondeni kwetu, Nova Scotia, mpaka akastaafu. Baada ya hapo kazi yake ikawa maboga. Si ya kupika, ni yale makubwa yanayobebwa kwa pikapu mwezi wa kumi kwenda kushindanishwa kwenye mizani.

Boga la namna hiyo hulipimi uzito likiwa shambani, maana ukilinyanyua utakata shina. Avard alilizungushia tepu, akalipima juu kutoka ubavu hadi ubavu, kisha kutoka kikonyo hadi kitako. Akijumlisha, jedwali alilobandika mlangoni mwa banda lilimwambia limefika ratili ngapi. Kutoka hapo alikisia litakavyokuwa siku ya mashindano, na hapo ndipo alipotia chumvi.

"Mwaka huu linagonga elfu moja na mia tano," aliniambia tukiwa uani.

"Na mwaka jana ulisema hivyo hivyo," mkewe Glenda alidakia dirishani. "Tukapata boga la ukubwa wa mto wa kulalia."

Glenda hakulipenda boga. Lilikuwa limekalia tuta lake la viazi, na usiku lilifunikwa blanketi lake la sufu.

Mwezi wa nane hospitali ikamwita Avard abadilishwe nyonga.

"Waambie nitakuja likishapimwa," akasema.

"Umesubiri mwaka mzima ukichechemea. Nenda. Nitalipima mimi."

Zilikuwa ndizo siku za boga kunenepa kupita kiasi. Jioni ya kwanza Glenda alimsomea vipimo kwenye simu, na Avard akajaribu kushuka kitandani. Muuguzi akamgombeza. Kesho yake Glenda akapunguza namba.

"Mbona limelegea hivyo?" Avard akalalamika. "Unalimwagilia kweli? Narudi nyumbani!"

Glenda akaja kwangu, tepu ingali shingoni. "Nikisema kweli anainuka, nikidanganya anainuka. Nifanyeje, jirani?"

"Sema kweli, halafu mwombe muuguzi amshikilie."

Akampigia palepale jikoni kwangu, akaungama. Avard hakuamini.

"Glenda, hukusoma upande wa sentimita badala ya inchi?"

Nikapokea simu, nikamwambia nimeliona kwa macho yangu, limekuwa kama kibanda cha kuku. Nikamsikia akipenga kamasi.

Aliporudi na magongo yake, alimkuta mkewe amechuchumaa bustanini akilisemesha boga kwa sauti ya chini. Akanyoosha mkono apewe tepu. Hakupewa.

"Nasema elfu moja na mia nne," Avard akasema.

"Elfu moja na mia mbili," Glenda akajibu bila kugeuka. "Na usilipigie kelele."

Siku ya mashindano mizani ilisoma elfu moja na tisini. Avard alishusha pumzi tu, amezoea. Lakini Glenda alimwendea mpimaji.

"Lishushe, upime tena. Mizani yako ina kasoro."

Likapimwa tena. Elfu moja na tisini.

"Bado! Jedwali halisemi hivyo!"

Avard akamshika kiwiko. "Mama, ndivyo yalivyo. Mengine huwa matupu ndani."

"Usiseme hivyo mbele yake!" Glenda akasema, na machozi yakamtoka.

Avard alicheka hadi gongo likamponyoka, nikamdaka nisije nikawa wa kumrudisha hospitali. Mkewe akamtazama kwa hasira, halafu naye akaanza kucheka huku akijifuta macho kwa mkono wa sweta.

Walipata nafasi ya nne na utepe wa kijani. Niliwarudisha kwa pikapu yangu, na njia nzima Glenda alikuwa amegeukia nyuma akichungulia kamba zilizofunga boga. Tulipokaribia mashimo ya pale darajani, wote wawili walinipigia kelele kwa pamoja: "Polepole!"