Mzigo Niliopokea Mnarani

Usiponiamini sitabishana na wewe, sina hata nguvu za kubishana. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, na shingo yangu ndiyo shahidi.

Mwaka jana, siku moja kabla ya Siku ya Mashujaa, darasa letu lilipelekwa kusafisha mnara wa askari waliokufa vitani, ule wa kando ya njia ya kupandia msitu wa Magamba. Tulifyeka nyasi, tukasugua majina. Wenzangu walipoona imetosha wakaanza kuteremka.

"We bubu, usisahau ndoo!" Zaina akanipigia kelele. "Na hao askari wakiuliza, waambie shikamoo zao kesho!"

Wakacheka. Mimi kujibu watu siwezi, nikabaki naokota ndoo.

Ukungu ukashuka. Si unaujua ukungu wa kwetu? Jioni haijafika na huoni hatua mbili mbele. Humo ndani nikasikia watu wanahema, wengi, kama wanaopanda mlima. Akatokea mmoja tu: mzee, peku, sanduku la mbao kichwani, shingo imezama mabegani. Ngata chini ya sanduku ilikuwa ya majani ya mgomba, mabichi kabisa.

Ningefanya nini? Kwetu mtoto hampiti mtu mzima mwenye mzigo. Mdomo ukajisemea wenyewe: "Shikamoo babu. Nikupokee?"

"Marahaba, mjukuu wangu." Akautazama mnara. "Hawa walishika bunduki. Risasi zao tulibeba sisi. Kila mwaka watu wanaleta maua, wananipita."

"Unaupeleka wapi?"

"Mbele. Mzungu alisema mbele tu."

Akainama, nikalipokea sanduku kichwani. Wallahi nilishikilia mnara nisianguke. Yeye akajinyoosha taratibu, akaizungusha shingo kama mtu aliyetoka usingizini, akaingia msituni mikono mitupu.

"Babu, niutue wapi?"

Hakugeuka. Nikapapasa kichwani: sanduku hakuna. Ngata tu, imekauka, inavunjikavunjika vidoleni. Uzito ukabaki shingoni.

Hospitali wamenipiga picha, wanasema shingo ni nzima, haina kitu. Usiku bibi hunikanda kwa maji ya moto. Nilipomsimulia hakusema nadanganya. Babu yake alichukuliwa kubeba mizigo kwenye vita ya Wajerumani na Waingereza, hakurudi. Aliniuliza moja tu: "Alikuwa amechoka sana?"

"Sana, bibi."

Akageukia ukutani.

Mwaka huu tumesimama tena pale. Majina yakasomwa, maua yakawekwa. Nilisubiri wabebaji watajwe, labda ningetua. Hawakutajwa. Nimerudi nyumbani na mzigo uleule, na ninaandika nikiwa nimelala ubavu.

Kwa hiyo sikia. Ukipita pale na ukungu, wale wengine bado wanapanda. Wasalimie, tafadhali, usiwapite. Lakini usimpokee mtu peke yako kama mimi. Ita watu, iteni shule nzima, muutue chini pamoja. Ule si mzigo wa shingo moja.