Unga wa Kuombea Ruhusa

Miaka ile nchi nzima ilikuwa ruksa. Ruksa kuuza mitumba, ruksa kufungua duka, ruksa kununua televisheni hata kama nyumbani kwako umeme hujauona. Mimi nilikuwa mwalimu wa historia Kondoa mjini, nimeshaposwa na fundi redio, halafu naambiwa siolewi mpaka watu wa nyumba nyingine waridhie. Nisikasirike?

Nianze na bibi yangu, mama wa baba, aliyenilea. Kila msichana wa kwetu alipoposwa, bibi alitwanga mahindi, akachekecha unga mara mbili, akaujaza kwenye ungo na kuufunika kanga mpya. Kisha akaupeleka Nyumba Kubwa. Ndivyo tulivyoiita nyumba ya familia moja ya wafanyabiashara ambao mababu zao walikuja na misafara. Bibi alipita mlango wa uani, akavua kandambili, akasema fulani ameposwa. Wakiupokea unga, ndoa ipo. Utotoni nilimsindikiza huku nikiringa, nikidhani ni ujirani mwema.

Kitu kimoja tu kilinikera. Mama mwenye nyumba ile, bibi alimbeba mgongoni akiwa mchanga, lakini bibi ndiye aliyemwamkia shikamoo. Na yeye aliitikia marahaba bila hata kugeuza shingo.

Wakati naposwa nilikuwa nafundisha utumwa darasa la sita. Niliujaza ubao: Misri ya kale, Ugiriki, Roma, mashamba ya miwa na pamba ng'ambo ya Atlantiki, Urusi ambako mkulima aliuzwa pamoja na shamba, masultani wa pwani, na machifu wetu wenyewe waliouza majirani zao. Niliwaambia wanafunzi hakuna bara lililopona. Msichana mmoja akauliza, watumwa walipoachiwa huru walikwenda wapi? Nikamjibu harakaharaka kwamba walirudi kwao.

Jioni hiyo nilimkuta bibi anachekecha unga. Nikamwambia asijichoshe, shehe keshasema ridhaa ya baba inatosha. Ndipo akanieleza, bila kuinua macho, kwamba mama yake aliletwa na msafara kutoka mbali huko magharibi. Aliugua njiani, akaachwa hapa kwa kubadilishwa na nguo, akawa mjakazi wa Nyumba Kubwa. Serikali ilipotangaza kwamba watumwa wote ni huru, alibaki palepale, maana kwao hakukujua ni wapi. Bibi mwenyewe alizaliwa jikoni kule.

Kumbe hao ndio niliowarudisha kwao kwa chaki! Niliona aibu, kisha aibu ikageuka hasira, nikasema siombi ruhusa kwa mtu.

Bibi aliweka chekeche chini. Mimi nilidhani unga anaupeleka kwa adabu, kumbe ni kwa woga. Yeye aliolewa unga haujapelekwa, na watoto wake wawili wa kwanza walikufa. Watu wakamwambia ndiyo malipo ya kukosa ridhaa ya mabwana. Akaapa kwamba unga usipopokelewa hatakanyaga harusini kwangu, hataki kuja kuzika vitukuu. Na harusi bila bibi ilikuwa na maana gani kwangu?

"Nyumba Kubwa wamezika watoto wangapi?" nilimuuliza.

Akahesabu kwa vidole, kimyakimya. Wanne.

"Na wao walimnyima nani unga?"

Alichukua chekeche akaendelea, ila mkono ulikuwa mzito.

Asubuhi yake, kabla ya kufungua kitabu, nilimwambia yule msichana darasani kwamba nilimdanganya. Wengi hawakurudi popote, nikasema. Walibaki palepale, na wengine vitukuu vyao ni walimu. Darasa zima likanitumbulia macho.

Mchana nilikwenda Nyumba Kubwa. Nilipita mlango wa mbele, viatu nikavivua pale wanapovulia wageni. Mkononi nilikuwa na kadi ya mwaliko, zile za kuchapishwa zilizokuwa zimeanza kuingia mjini. Nilimwamkia mama mwenye nyumba, maana ni mkubwa kwangu. Akauliza unga uko wapi. Nikamwambia nimekuja kualika, sikuja kuomba. Akacheka kidogo, akasema heshima si utumwa, mwanangu. Nikamjibu ni kweli kabisa, basi safari hii unga autwange yeye. Najua nilikuwa na mdomo. Sijutii mpaka leo.

Habari zilimfikia bibi kabla sijafika nyumbani. Siku nne hakusema nami. Siku ya tano aliuchukua ule unga akasonga ugali, tukaula sisi wenyewe kwa mlenda.

Siku ya harusi nilikuwa nimekaa ndani na wanawake, nimepambwa, jicho langu liko mlangoni. Bibi alikuwa bado hajatoka chumbani kwake. Mashangazi walishaanza kuninong'oneza nisijipe matumaini. Mara bibi huyo, amejifunga ile kanga mpya ya kufunikia ungo, akaja akakaa kwenye kiti kando yangu. Nililia mpaka wanja ukaharibika.

Baadaye kidogo akaingia mama wa Nyumba Kubwa, kadi mkononi. Wanawake wakampisha kama kawaida. Alikuja moja kwa moja akasimama mbele ya bibi, akingoja salamu aliyoizoea.

Bibi hakufungua mdomo. Mwanamke aliyekuwa anapiga dufu aliacha kupiga. Nilitaka kusema neno, bibi akanibana goti kwa mkono wake.

"Wewe nilikubeba mgongoni," alimwambia yule mama, kwa upole tu.

Yule mama alitazama huku na huku. Hakuna aliyemsaidia.

"Shikamoo," akasema.

Bibi kwanza aliitengeneza kanga yake begani, wala hakuwa na haraka. Kisha akaitikia marahaba, akamwonyesha mkekani pa kukaa.