Siku Niliyopiga Pasi Cheti Changu cha Kuzaliwa

Nitasema mwenyewe, kwa sababu mama ameshawasimulia akina mama wote wa kanisani na ni afadhali nanyi mlisikie kutoka kinywani mwangu: ndiyo, mimi ndiye yule msichana aliyemwitia askari mzee wa watu katika ofisi ya viza, mbele ya umati, kwa sababu ya barua ambayo muda huo wote ilikuwa mkononi mwa karani. Msicheke bado. Kuna pasi inakuja.

Nilikuwa nimepata nafasi ya kwenda kusoma muhula mmoja Ubelgiji, mtu mmoja tu katika darasa letu zima, na nilikuwa nimeapa kwamba ile ndege itaondoka na mimi hata kama nitalazimika kushika bawa. Miadi yangu ya viza ilikuwa Alhamisi saa nane mchana huko Westlands. Ukiikosa, nafasi inayofuata ilikuwa baada ya wiki saba, yaani wenzangu watakuwa wanajiandaa kwa mitihani nami ndio kwanza natafuta sanduku. Na karatasi mbili ndizo zilizokuwa roho yangu: cheti cha kuzaliwa, na barua ya mwaliko kutoka chuo cha kule, yenye sahihi ya wino, iliyochukua mwezi mzima kunifikia. Zote mbili zilitakiwa kupigwa muhuri asubuhi hiyohiyo katika ofisi moja ya serikali katikati ya jiji.

Sasa mnijue na nyumbani. Tunakaa Mountain View, mtaa wa wenye nacho (ukimuuliza mama, kwa maana ukimuuliza mwenye nyumba atakwambia ni Kangemi, mtaa wa akina sisi), na nyumbani kwetu karatasi haikai uchi. Mama alipomaliza shule alipata nafasi ya kusomea ualimu, lakini mvua ilivuja kwenye mabati usiku mmoja ikageuza cheti chake kuwa uji, na kabla hajapata kingine nafasi yake ilikuwa imepewa mwingine. Tangu hapo, kila karatasi inayoingia mlangoni kwetu inapelekwa kulaminetiwa, inafungiwa kwenye ile nailoni ngumu inayopitishwa kwenye mashine ya moto: kadi yangu ya kliniki, cheti cha ubatizo, hata risiti ya mtungi wa gesi. Mimi nilikuwa namcheka. Lakini Jumatano jioni niliona wingu jeusi limekaa upande wa mji wa Kikuyu, nikabeba bahasha yangu hadi kwa saiba ya jirani, duka la kompyuta lenye mashine hiyo.

“Zote?” kijana wa saiba akaniuliza.

“Zote,” nikasema, kwa sauti ya mtu anayejua anachofanya.

Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi. Cheti kikaingia, barua ya mwaliko ikaingia, na hata barua ya mchungaji wetu ikaingia, ambayo hakuna mtu Ubelgiji aliyekuwa ameiomba, ila mama alisisitiza kwamba wazungu wajue nimetoka kwa watu. Mama alipoziona zinang’aa vile alizishika kwa mikono miwili, nami nikajiona mtoto mwema kuliko wote.

Kesho yake saa tatu tulikuwa jijini, mimi na mama (amekataa kubaki, amevaa na ile kofia yake ya kwendea arusini). Foleni ikasonga, nikafika kwa afisa, nikaweka karatasi zangu kwenye kaunta kwa madaha. Yule afisa akazigonga kwa kucha.

“Hii ni nini?”

“Ni cheti, na hiyo ingine ni barua.”

“Naona ni cheti. Nauliza muhuri nitagonga wapi? Kwa plastiki?”

Mimi, kwa ubishi wa kwetu, nikamwambia ajaribu tu, pengine utashika. Basi akajaribu, nadhani ili kunifunza adabu. Muhuri ukateleza kama mtu aliyekanyaga sabuni, wino ukatapakaa, akaufuta kwa kidole akanionyesha kidole. Watu wa nyuma wakaanza kucheka. “Utoe hiyo kitu urudi,” akasema. “Na sisi tunafunga saa saba.”

Ningekaa pale nilie, na machozi yalikuwa tayari, lakini nilimwona mama. Alikuwa ameshika mkoba wake kifuani na uso wake umekuwa wa siku ile ya mvua, nisiyoijua mimi lakini niliijua palepale. Nikajiambia, leo hapana. Si kwa huyu mama mara ya pili.

“Nailoni iliingia kwa moto,” nikamwambia, “itatoka kwa moto. Tutafute pasi.”

Ukitaka pasi jijini unapanda ngazi kwa mafundi wa nguo. Ghorofa ya tatu tukampata fundi mmoja, mama mnene mwenye futi ya kupimia shingoni, akatusikiliza hadi mwisho bila kupepesa macho. “Mimi nimepiga pasi suti ya maiti na ya bwana arusi,” akasema, “lakini cheti cha kuzaliwa, woi, hiyo bado. Leteni kwanza ile haina maana, tujaribie.”

Mama akanitazama, nikamtazama, na kwa shingo upande akatoa barua ya mchungaji. Fundi akaweka kitambaa juu, akapitisha pasi, akakata ukingo, akavuta nailoni. Ikatoka vizuri sana! Ila ilitoka na maneno. Sifa zangu zote zilibaki kwenye nailoni zikiwa zimeandikwa kinyumenyume, na karatasi ikabaki nyeupe kama siku ilipotoka kiwandani.

“Moto ulikuwa mwingi,” fundi akasema taratibu.

Sitawaeleza dakika zilizofuata, kwa sababu hata mimi nilifumba macho. Ninachojua ni kwamba moto ulipunguzwa, mama alisali kwa Kibukusu, na saa sita na nusu cheti na barua vilikuwa nje ya nailoni vikiwa na maneno yake yote, vimejaa gundi mgongoni lakini vizima. Nikashuka zile ngazi mbio, afisa akapiga muhuri, pa, pa, mihuri miwili safi, akasema, “Hapo sasa.”

Mngekuwa nyinyi mngeenda Westlands, sivyo? Lakini zile karatasi zilikuwa zimejikunja kama majani makavu ya mahindi, na mimi ni mtoto wa mama yangu, siwezi kwenda mbele ya watu na karatasi iliyojikunja. Nikasema turudi kwa fundi azinyooshe kidogo tu. Fundi alikuwa na mteja, akazipanga moja juu ya nyingine, mgongo kwa mgongo, akazikandamiza chini ya kitambaa, akanirudishia zimenyooka kama sare ya askari. Nikazitia kwenye bahasha bila hata kuzihesabu.

Saa nane kasorobo tulikuwa Westlands. Mama akaambiwa angoje nje, mimi nikaingia, nikaketi kando ya mzee mmoja wa koti la kijivu aliyekuwa na karatasi zake ndani ya karatasi ya mkate, ile ya plastiki, amezifunga na mpira. (Nilimhurumia. Mimi!) Bahasha yangu ikaniponyoka, mzee akainama akaniokotea, nikasema asante. Kisha nikaitwa.

Karani, msichana mwenye sauti ya upole, akapokea kila kitu. Pasipoti, sawa. Picha, sawa. Cheti cha kuzaliwa, sawa, akabaki nacho mkononi. “Na barua ya mwaliko?”

Nikaingiza mkono kwenye bahasha. Hakuna. Nikaimwaga bahasha, nikaumwaga mkoba, vikatoka kitana, soksi, na nusu ya andazi. Hakuna. Na akili yangu, ambayo ndiyo iliyonipatia nafasi ya kwenda Ubelgiji, ikanipa jibu moja tu.

“Ni yule mzee!” nikapiga kelele. “Yeye ndiye aliyeshika bahasha yangu!”

Ukumbi mzima ukageuka kututazama. Askari akaja. Mzee hakubishana wala hakuinua sauti; alifungua mpira wake, akatoa karatasi moja moja akazipanga juu ya kiti mbele ya watu wote: hati ya shamba lake la Mutuini, picha ya kitinda mimba wake akiwa amebeba mtoto mchanga, barua ya huyo binti akimwomba baba yake aende amwone mjukuu. Barua yangu haikuwemo.

Ndipo karani aliponiita. “Dada,” akasema, “mbona cheti chako ni kizito hivi?” Akakigeuza. Nyuma ya cheti changu cha kuzaliwa kulikuwa na mwaliko wangu wa Ubelgiji, umeshikamana nacho kabisa kwa ile gundi, na muhuri wake safi.

Mtu mmoja akacheka, halafu wote. Mzee peke yake hakucheka, alikuwa anarudisha karatasi zake kwenye karatasi ya mkate. Nikamwendea, nikapiga magoti, nikamwita babu kwa lugha ya kwao, “Guka, nisamehe. Nimekukosea vibaya.”

“Inuka, msichana,” akasema. “Hiyo barua yako imeonekana?”

“Imeonekana, guka.”

“Basi rudi hapo kabla wafunge. Lakini huko unaenda, kitu ikipotea, uanze na mfuko yako.”

Nikarudi kwenye dirisha na aibu yangu yote, karani akasema hajui kama karatasi zilizogandana zinapokelewa, nami nikakataa kuondoka. Karani alimwita mkubwa wake, mkubwa akaigeuza ile karatasi ya nyuso mbili, akauliza kulitokea nini, nikamweleza kila kitu hadi kofia ya mama. Alitoka nje ya chumba haraka (nilimsikia akicheka nyuma ya ukuta) akarudi akasema wataipiga picha pande zote mbili. Huko nje mama, aliposikia habari, alinirudisha kwa mzee niombe msamaha mara ya pili, kisha akamnunulia chai.

Viza ilitoka. Mama aliipokea pasipoti kwa mikono miwili, akaitazama, akauliza kama kwa saiba bado wako wazi, na tangu siku hiyo nalala nayo chini ya mto. Nami nimekula kiapo: karatasi zangu zitakaa kwenye karatasi ya mkate, kama za mzee wa Mutuini.

Ila kuna moja iliyobaki kwenye nailoni. Mama hakuitupa ile yenye maneno ya mchungaji, ameiweka ndani ya Biblia yake, na wageni wakija anaitoa, anasimama mbele ya kioo cha sebuleni ambako maneno hunyooka, na kuwasomea kwa sauti kwamba binti huyu ni mpole, ana subira, na hajawahi kumsingizia mtu. Kila akifika hapo hunitafuta kwenye kioo. Nami huinuka, nikaenda kuweka chai jikoni.