Jembe la Theluji Uani Mvara

Reli haijawahi kufika Arua. Iliishia Pakwach, na hata huko kwa miaka mingi nyasi zilikuwa zimeifunika. Kwa hiyo mke wangu alipofariki nilijijengea ya kwangu, inayozunguka ua wetu hapa Mvara: vyuma bapa juu ya vipande vya mbao, mabehewa marefu kama mkono, na injini inayoendeshwa na mota ya waipa ya kioo cha gari na betri ya pikipiki. Majirani walidhani nimechanganyikiwa. Niliwaacha wadhani. Nyumba isiyo na mtu wa kukuuliza kama chai imekolea sukari humfanya mtu atafute kelele yoyote.

Ndugu pekee wa tumbo moja aliyenibakia ni mdogo wangu, naye anaishi nchi ya baridi. Hajakanyaga nyumbani tangu mazishi ya mama. Siku moja alinitumia picha ya treni ikisukuma theluji kwa chuma kilichofanana na majembe mawili yaliyokutana puani. Nikamwambia hata mimi naweza kuunda kitu kama hicho. Akacheka kwenye simu.

"Kaka, ukimaliza hiyo, mimi nakuja kuendesha," alisema.

Nilianza kesho yake. Fremu niliichonga kwa mabaki ya mvule, magurudumu nikayatoa kwenye beringi chakavu. Kilichonishinda ni mabawa mawili ya jembe lenyewe. Bati la pipa lazima lipinde taratibu, chini litangulie mbele na juu lijikunje nje, la sivyo theluji itapanda juu badala ya kwenda pembeni. Nilikunja, nikagonga, nikaharibu pipa zima. Mwishowe nikadandia lori la kwenda mpakani Oraba, nikashuka Koboko, kwa fundi bati mwenye mashine ya kukunjia.

Huku kwetu theluji haina jina lake. Yote ni barafu tu. Nikamwambia fundi nataka bati la kigari cha kusukuma barafu, nikamwachia vipimo, nikaenda kunywa chai. Niliporudi nilikuta sanduku zuri sana, kingo zimelainishwa, lina mfuniko na mpini. Alidhani mzee mzima naenda kuuza barafu kwenye mageti ya shule.

"Barafu inayeyuka, mzee," alinieleza kwa upole. "Kama haiko na kifuniko, itafika wapi?"

Nilijaribu kumweleza kuhusu barafu inayoanguka kutoka juu mpaka ikaziba njia. Alinitazama kwa huruma, kisha akanikunjia mabawa kama nilivyotaka bila kuuliza zaidi. Njia nzima ya kurudi nilicheka. Nilipofungua mlango wangu kicheko kikakatika, maana hapakuwa na wa kumsimulia, na siku hiyo upweke uliniuma kuliko siku ya matanga.

Shemeji yangu wa Manibe alikuwa na unga wa muhogo ulionyeshewa ukaota ukungu. Niliumwaga juu ya reli uwe theluji yangu, nikaegemeza simu kwenye tofali inirekodi, nikawasha injini. Jembe likaingia, unga ukagawanyika kulia na kushoto, reli ikabaki safi nyuma yake. Nikapiga makofi peke yangu uani. Nikamtumia mdogo wangu video ile na, hata kabla hajajibu, nikatoa godoro la chumba cha wageni nikalianika juani, nikafua na chandarua.

Alipiga jioni. Alisifu mabawa, akauliza nitayapaka rangi gani. Nami nikamuuliza anafika lini, ili nijiandae.

"Kaka," akasema, "ile maneno ilikuwa ya kucheka tu."

Nikamwambia najua, hata mimi nilikuwa nacheka. Nikamtakia usiku mwema. Kisha nikaingia chumba cha wageni, nikakalia vyuma vya kitanda kisicho na godoro, nikalia.