Spéciose na Chapa za Korea Zilizokwama Arlanda

Saa nne asubuhi, milango ya maonesho ya sanaa jijini Stockholm inakaribia kufunguliwa na Spéciose Nahimana hatulii. Anashika nyundo, anaiweka. Anapanda ngazi, anashuka. Kuta za kibanda cha wachapaji kutoka Korea Kusini bado ni tupu.

"Kulabu zote nimefunga. Vya kutundika viko wapi?" anauliza, akichungulia simu tena.

Sanduku la chapa, yaani picha zilizochapwa kwa vibao vya mbao, limekwama uwanja wa ndege wa Arlanda. Mwenzake, Vénant, amelifuata kwa gari. Kila akipigiwa, jibu ni lilelile: ameambiwa asubiri.

Spéciose, mkazi wa Jordbro, kusini mwa Stockholm, aliikimbia Burundi akiwa msichana. Hapa Uswidi amesafisha ndege, amepanga mizigo ghalani, amepika shuleni. Kutundika picha nako ni kazi ya kuitwa; wiki ijayo huenda isiwepo. "Nimezoea kulala na viatu karibu," anasema.

Pembeni, mchapaji Seo Yun-ha amekaa juu ya begi lake. Kwao, anaeleza kwa Kiingereza, wengi huiona chapa kama nakala tu ya picha.

"Kwenye maonesho mtu anaisogelea, anauliza imefanywaje. Hapo tunapata wanunuzi na mialiko. Ukuta mtupu nani atauuliza?"

Spéciose anataka kujua begi lina nini. Mna vibao viwili vya mbao vilivyochongwa, wino, na karatasi za magome ya mforosadi, vyote vya darasa la uchapaji atakalofundisha kesho.

"Sasa tunangoja nini, dada? Tuchape hapahapa!"

Yun-ha anasita. Chapa mbovu itamwaibisha mbele ya wenye majumba ya sanaa. Kisha anavua koti.

Wageni wanaingia wakati Yun-ha anapaka kibao wino na Spéciose anasugua mgongo wa karatasi iliyolazwa juu yake. Ya kwanza inatoka na mabaka. Ya pili inachanika, mtu anacheka.

"Polepole," Yun-ha anamwambia. "Mkono wako unakimbia."

Ya tatu wanaibandua pamoja. Mlima wenye ukungu unajitokeza, na watu wanasogea. Wanauliza ni mti gani, nani kachonga, wanaweza kujaribu? Josefin, mwenye jumba dogo la sanaa, anasimama muda mrefu, kisha anawaalika Yun-ha na wenzake kuonesha kazi zao kwake majira ya kuchipua.

Alasiri Vénant anafika akisukuma sanduku. Anaduwaa. "Mmefanya nini tena hapa?"

"Tundika, kaka, usiulize," Spéciose anajibu, mikono myeusi kwa wino.

Majira ya baridi Spéciose anakusudia kujiunga na karakana ya uchapaji iliyoko mtaa wa Hallonbergen. Binti yake, Mélissa, alipoambiwa alijibu kwa Kiswidi: "Mama, wewe hata kukaa ukatulia huwezi!"

Spéciose anacheka, kisha sauti inashuka.

"Nataka kuchonga kilima cha kwetu Muyinga. Mimi mwenyewe sura yake imeanza kunipotea, na mwanangu hajawahi kuiona."