Kamera Haikukaa na Wazee

Mwaka 1969, nikiwa na miaka kumi na mbili, baba yangu alisimama kwenye mlango wa zizi akasema mbele ya wake zake na watoto wake wote kwamba mimi ni mwizi. Maksai wake wa kulimia, yule mwenye baka jeupe begani, alikuwa amepotea nikiwa namchunga. Alisema nimemuuza. Akamalizia, "Huyu si wa nyumba hii." Kwetu neno la baba likitoka hadharani halifutiki lenyewe. Aliyelitoa ndiye anayelirudisha, na hadharani vilevile. Mama yangu alishakufa, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kunisemea.

Niliondoka kwetu Morotonga na kaptula niliyovaa. Shule niliishia darasa la tatu na sioni haya kusema. Nimechimba vyoo vya watu Tarime. Nimebeba magunia Sirari mpaka shingo ikazama mabegani. Nimeponda mawe ya dhahabu ambayo haikuwa yangu. Baadaye nikanunua kamera ya video kuukuu, ile kubwa ya kuweka begani, nikajifunza kwa kuiharibu na kuitengeneza. Watu walicheka: mtu asiye na ng'ombe anapiga picha ng'ombe wa mahari wa wenzake. Nikawapiga picha wao, wake zao na ng'ombe wao, kuanzia Tarime mpaka Mugumu, na waliocheka walinilipa.

Basi siku moja, nikiwa tayari na wajukuu, baba akanipigia simu. Alikuwa mzee sana, sauti imebaki pumzi tu. Nikamwamkia, akaitikia kama vile tuliongea jana.

"Njoo," alisema. "Kuna neno nataka kulirudisha."

Nilikwenda. Nilimkuta amekaa juani, ngozi ya mbuzi imefunika magoti. Aliniambia kwamba kaka yangu, mtoto wa mke mkubwa, alikuwa amemwungamia. Yule maksai alimuuza yeye. Amekula mali hiyo na kunyamaza miaka yote, na sasa ameogopa kwamba baba akifa jambo hilo litamfuata yeye.

"Nitalisema mbele ya wazee," baba alisema. "Waite."

Hapo ndipo nilipotumia akili zangu nyingi. Nilikuwa nimeona wazee wa ukoo wakisahau leo walichokula jana. Nilikuwa nimeona wengine wakibadilisha ushuhuda kwa kreti ya bia. Nikamwambia, "Tata, wazee watakufa. Mimi nitaleta kitu kisichokufa."

Baba akaniangalia. "Hicho kitu kimekula nini na ukoo wetu?"

Nilidhani ni uzee.

Kamera yangu ya wakati ule ilikuwa imechoka, picha inaingia michirizi. Sikutaka neno la baba liwe na michirizi. Nikavuka Sirari nikaingia Isebania, kwenye duka la kijana mmoja Mkenya niliyezoea kununua kwake mikanda. Akaniwekea kamera mbili mezani. Zote ndogo, unazishika kwa kiganja, na zote za picha kali, ile wanayoiita full HD.

"Sasa mzee, hii inarekodi kwa tape, hii kwa memory card," alisema. "Ya tape ni ya kitambo. Ukitaka kuingiza kwa computer, saa moja ya tape ni saa moja ya kungoja. Ya card unachomoa, unaingiza, kwisha."

"Ipi inakaa miaka mingi?"

"Tape iko sawa, lakini vumbi ya kwenu huko itaimaliza. Na mashine za kuisoma zinaisha. Card haina kitu ya kuzunguka, haikwami."

Nilimuuliza juu ya fomati. Akaniambia ya kadi inabana picha sana ili ienee, kwa hiyo nahitaji kompyuta yenye nguvu, vinginevyo itakuwa inashtukashtuka. Nikasema nguvu nitanunua. Nikashika mkanda mkono huu na kadi mkono huu. Mkanda ulikuwa na uzito. Unaweza kuuandika jina, ukauvunja kile kidude cha pembeni ili mtu asirekodi juu yake, ukaufungia sandukuni. Kadi ilikuwa kama ukucha. Lakini akanionyesha picha yake kwenye televisheni kubwa ya dukani, barabara ya pale nje, na niliona nyuzi za kitenge cha mwanamke aliyekuwa ng'ambo. Nikamaliza: ya kadi. Nilitaka watu waone midomo ya baba ikitamka.

Nyumbani Nkende mke wangu aliigeuzageuza akairudisha mezani.

"Na wazee umewaita lini?"

"Nimenunua hii."

"Nimeuliza wazee."

Nilimwambia mambo ya kwetu aniachie. Akasema, "Haya, baba. Kaeni na kamera yenu."

Nilirudi Morotonga nikamrekodi baba peke yetu. Alisema yote: maksai, baka jeupe, aliyemuuza, na kwamba mimi ni mwanawe na nizikwe na ndugu zangu. Kisha akachukua maji kinywani akanipulizia kifuani, kama baba anavyombariki mwana. Ilitoka safi. Mpaka leo ukiitazama unahesabu nywele za masikioni mwake, na nzi aliyetua kwenye fimbo unaona anavyosugua miguu.

Mvua za masika zilipoanza, baba akafa.

Siku ya mazishi nilikwenda na televisheni na jenereta juu ya pikapu. Wazee wa ukoo walikuwa wameshakaa kupanga wana watakaotupa udongo wa kwanza kaburini. Jina langu halikuwemo. Nikaomba nafasi, nikawasha. Walitazama mpaka mwisho. Nikadhani nimeshinda.

Kaka yangu ndiye aliyesimama kwanza.

"Picha ni nzuri," alisema. "Naona baba amenona kuliko alivyokuwa. Siku hizi kompyuta inamsemesha hata maiti, vijana si mnajua?"

Vijana wakacheka. Wanajua.

Mzee mkubwa wa ukoo akaniuliza, "Siku baba yako anasema haya, nani alikuwepo?"

"Mimi na yeye."

"Na nani?"

"Kamera."

"Inatoka nyumba gani?"

Hapo walicheka hata wanawake waliokuwa jikoni. Mzee mwenyewe hakucheka. Akasema zamani kwenye harusi nilikuwa naleta mkanda, mtu anaushika, anauona umefungwa na umevunjwa kidude chake. Hiki cha sasa kiko wapi? Nikachomoa kadi nikampa. Kaka yangu akaichukua kutoka mkononi mwa mzee, akaiweka kwenye ncha ya kidole akawaonyesha watu.

"Baba yangu alikuwa mkubwa kuliko hiki," alisema.

Nilimwangalia machoni. Alijua, na alijua kwamba najua, na alinirudishia kadi yangu taratibu, kwa mikono miwili, kama mtu mwenye adabu. Wazee wakaamua neno halijarudishwa, kwa sababu halikusemwa mbele ya mtu. Udongo walitupa wengine. Mimi nilisimama upande wa majirani, nikapakia televisheni yangu nikarudi Nkende.

Kaka yangu bado yuko hai na anasalimiwa shikamoo na nusu ya kata. Mimi sijakanyaga tena pale.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma Nkende, vyumba sita. Nina shamba la mahindi na ng'ombe ambao sikuwarithi kwa mtu. Nina pikapu. Nina kabati la mikanda ya harusi za watu, mingine ya ndoa zilizokwisha vunjika, na kamera moja ndogo ambayo betri yake imevimba. Nina kadi kama ukucha, ndani ya kopo la chai, na baba yangu yumo. Na nina kiwanja kidogo nyuma ya nyumba, kimezungushiwa miti ya minyaa, ambapo nitazikwa. Nimekinunua mwenyewe.