Tambi za Siku ya Kuzaliwa ya Shuo

Mama Shuo anauza tambi, mimi nauza tofu, jibini ya soya, ukuta wetu ni mmoja. Kwa hiyo msiniletee habari za magazeti kwamba watoto wa huku kwetu Henan, China, wanaharibiwa na intaneti. Shuo nimemwona akiharibiwa kwa macho yangu.

Baba yake, Geng, anajenga maghorofa huko mbali, mjini Shenzhen. Anarudi Mwaka Mpya tu, amebeba pombe na hasira. Mwaka mzima akipiga simu swali ni moja: "Umekuwa wa ngapi darasani?" Bibi aliyemlea mtoto alikufa. Shuleni mwalimu akamhamishia nyuma, karibu na pipa la taka, wanakowekwa walioshindwa. Rafiki hana. Simu alinunuliwa ili amwone baba yake, akakuta humo mchezo wa vita na watu wanaomwita kamanda. Wewe ungeizima?

Alipoacha shule kabisa, Geng aliporudi alimchapa mpaka mkanda ukakatika. Shuo akamsukuma, baba mtu akaangukia jiko. Ndipo Geng akatafuta kambi ya kunyoosha watoto, na watu wa kambi wakamwelekeza Mama Shuo la kufanya: mpe anachokipenda, akae atulie, sisi tutakuja kumchukua.

Kwetu kila siku ya kuzaliwa mtoto hupikiwa tambi ndefu, uzi mmoja bakuli zima, na haikatwi, ili maisha yake yasikatike. Mama Shuo aliuvuta ule uzi kwa mikono yake. "Kula, mwanangu. Leo hakuna ugomvi." Shuo akacheka. Tambi ikiwa bado inaning'inia mdomoni, wanaume wanne wakaingia. Wakamgonga uso mezani, wakampiga magoti ya mbavu, wakamburuta kwa nywele hadi kwenye gari. Njia nzima alikuwa anaita "Mama". Mama yake alisimama na mwiko, hakusogea.

Alirudi majira ya joto, jino la mbele hana, mgongo umechanjwachanjwa kama ubao wa kukatia nyama. Mtaa mzima ukamsifu: anaamka alfajiri, anafagia, simu haigusi. Mimi nilitamani kuwatemea mate.

"Haniangalii usoni," Mama Shuo aliniambia. "Nataka aniangalie mara moja tu, hata kama ni kunitukana."

"Mpe muda, shoga yangu."

"Muda gani? Siku yake ikifika nitampikia tambi zile zile, na mlango nitaukomea mwenyewe."

Siku ikafika, Geng yupo nyumbani kwa Mwaka Mpya, nami nikaalikwa. Mama Shuo akakomea mlango, akaleta bakuli. Shuo alipoliona alisimama, akaweka mikono kisogoni, akageukia mlango.

"Wameshafika?" akauliza, kwa adabu kabisa.

"Hakuna anayekuja, mwanangu. Kaa ule."

Hakukaa. Geng, pombe imeshapanda kichwani, akavua mkanda. "Mama yako kahangaika jikoni, wewe unamletea maringo?" Bizimu ya mkanda ikamchana Shuo sikio, damu ikarukia kwenye supu.

Pigo la pili halikushuka. Mama Shuo alikuwa ameshachukua mti wa kusukumia unga, akamshushia mumewe kwenye kifundo cha mkono, na sote tukasikia mfupa. Akampiga bega. Akampiga tena. "Humgusi," anamwambia kila akishusha, "mwanangu humgusi tena," mpaka Geng akalala sakafuni kwenye maganda ya karanga, analia. Nilifurahi, siwafichi.

Kisha akamgeukia mwanawe, amkumbatie.

Shuo alikuwa amepiga magoti, amefumba macho, damu inamchuruzika shingoni, anapaza sauti jinsi walivyomfundisha kambini: "Asante Mama kwa kunirekebisha. Asante Mama kwa kunirekebisha."

Mama yake bado alikuwa ameushika ule mti.